Mwaka Tulipowalisha Samaki Mawe

Kwanza, asanteni kwa blanketi mlilonipa nilipostaafu. Mke wangu, Nyina wa Wawira, alilishika akasema hilo ni blanketi la kulazwa hospitali, lakini tangu siku hiyo ndiye anayejifunika. Asanteni pia kwa hotuba. Sikujua nilikuwa mchapakazi namna hiyo. Mngeniambia mapema, ningepunguza mwendo.

Haya ninayaandika kwa sababu ya swali moja. Siku ya kuniaga, mmoja wenu aliyaona yale mawe yaliyopangwa kando ya mfereji wa juu, akauliza kama yangefaa kwa msingi wa choo kipya. Swali lenyewe halikuwa baya, choo kinahitajika. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba hakuna hata mmoja kati yenu aliyemjibu. Mlisimama mkiyatazama kama watu wanaotazama mawe. Nikajua kwamba yaliyotokea pale yamebaki kichwani mwangu na kichwani mwa Mama Karimi tu, na vichwa vyote viwili si vipya.

Vyeo sitavitaja. Niliingia nikiwa mlishaji wa samaki, nikatoka nikiwa mlishaji mkuu, na tofauti pekee niliyoiona ni ufunguo wa stoo, ambao niliupoteza mara mbili.

Nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu walikimbilia Thika na Nairobi. Mimi nilitafuta kazi kwa kigezo kimoja: lazima niweze kula chakula cha mchana nyumbani. Shamba la samaki la Mwalimu Gachoki, chini ya kilima chetu ukiteremka kutoka Kerugoya kuelekea Sagana, lilipita mtihani huo. Ukisimama penye tangi la tatu unaona paa la jiko langu, na moshi ukipungua najua githeri imeiva. Watu walinicheka ati mwanamume mzima hajawahi kulala ng'ambo ya mto. Uongo. Nilitumwa Nyeri kwa semina ya siku mbili kuhusu chakula cha samaki, nikalala huko, na siku ya pili ilipoanza nilikuwa tayari ndani ya gari la kurudi. Ndiyo sababu nusu ya ninayoyajua kuhusu chakula cha samaki nimeyajua kwa kukosea.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mama Karimi. Ninyi mnamjua kama yule mama anayekuja Krismasi na kuwauliza kama bado mnaiba chakula cha samaki. Wakati huo ndiye aliyeshika ulishaji wote. Kabla ya samaki alikuwa amegeuza kahawa kwenye vitanda vya kukaushia kwa miaka mingi, na mikono yake ilikuwa na mwendo huo huo wa kugeuza, hata akiongea. Alinipa ndoo ya pumba na dagaa waliosagwa, akanionyesha tangi la tilapia, akasema:

"Mwaga kidogo. Halafu ngoja."

Nikamwaga nusu ndoo.

"Nimesema kidogo. Unalisha samaki ama unalisha maji?"

Hilo ndilo somo la kwanza na mlishike: mlishaji mbovu hulisha maji. Mwaga konzi moja, tazama midomo, hesabu pumzi ishirini, kisha mwaga nyingine. Midomo ikipungua, acha. Shida ya tilapia ni kwamba wanakuharibu tabia. Wanakuja wenyewe, wanakujua kwa kivuli chako, wanafungua midomo kabla hujasimama vizuri. Ukilisha tilapia miaka miwili unaanza kujiona mbunge.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache: ndoo, chekecheke, wavu wa kuchotea, kipimajoto kilichofungwa kamba ya kiatu, na kioo. Kioo hicho kilikuwa cha pembeni cha pikipiki, Mama Karimi akakifunga kwenye fimbo ya mti wa kahawa kwa mpira wa baiskeli. Unakitumbukiza ndani ya tangi, unaona samaki kwa chini. Nilidhani ni mchezo. Nilikitumia miaka yangu ya kwanza kunyolea ndevu.

Sasa nije kwa ule mwaka wa kiangazi. Ilikuwa Februari, na kile kijito kinachopita nyuma ya shamba kilikuwa kimekatika vipande. Huku dimbwi, huku kokoto kavu, huku dimbwi tena. Asubuhi moja Mama Karimi alikuja na ndoo mbili tupu.

"Baba Wawira, vua viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Si mbali. Moshi wako utauona."

Tulishuka mpaka dimbwi la mwisho, chini ya mwamba. Maji yalifika magotini na yalikuwa vuguvugu kama ya kuogesha mtoto. Ndani yake mlikuwa na samaki ambao nilikuwa nimewaona tangu utotoni bila kuwatazama: urefu wa kiganja, weusi mgongoni, macho yenye wekundu kwa juu. Wataalamu wana jina lao refu ambalo lilitajwa Nyeri siku ile ya pili. Mama Karimi aliwaita walamba-mawe. Tulichota thelathini na mmoja. Tukarudi kutazama tena chini ya mwamba, hakukuwa na mwingine.

Tulipokuwa tukipanda aliniambia, bila kunitazama, kwamba alipokuwa msichana akichota maji hapo samaki hao walikuwa wakimlamba miguu mpaka anacheka, na mama yake anamkemea kwa kuchelewa. Zamani walikuwa wengi mpaka maji yakimeta wakigeuka. Halafu watu wakavuta maji juu, kila boma na mpira wake, na yeye pia ana mpira wake, hakujitoa. "Hawa ndio wa mwisho ninaowajua," akasema. "Mvua ikirudi, nitawarudisha. Ni hivyo tu."

Mwalimu Gachoki, mwenye shamba, alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, na alizungumza na kila kiumbe kama kiko darasa la sita. Si mtu mbaya. Alitupa tangi la saba, akaweka masharti.

"Mvua ya Aprili ikitosha, muwapeleke. Isipotosha, nawapa mpaka mvua ya mwere, ile ya Oktoba. Hapo vifaranga vya kambare vinakuja na tangi nalitaka."

"Na wakiwa hawajapata nguvu?" Mama Karimi akauliza.

"Samaki aliyekonda ukimtupa kwenye mafuriko, maji yatampiga kwenye mawe afe. Afadhali alishe mtu. Wakiwa wamekonda, wataingia sufuriani."

Mama Karimi aliokota ndoo zake akaenda kuliosha tangi la saba. Mnamjua, akishika kazi namna hiyo ni heri akutukane.

Basi nikaanza kuwalisha. Niliwamwagia pumba, nikangoja midomo. Hakuna hata mmoja aliyepanda. Nikamwaga tena. Pumba ikazama, ikachacha, maji yakanuka. Siku ya tatu nilitangaza kwamba ni wagonjwa.

"Wagonjwa?" Mama Karimi akasema. "Uko na macho ama uko na vifungo vya shati? Leta kioo chako cha ndevu."

Alimchota mmoja, akamtia kwenye mtungi wa glasi wa peremende, akaweka kioo chini yake. Ndipo nikauona ule mdomo. Hauko mbele ya uso kama wa tilapia. Uko chini, umetazama ardhi, na midomo ni minene kama ya mtu anayetaka kupiga mbinja, na ukingo wake ni mgumu kama ukucha. Samaki wa namna hiyo kumwagia chakula juu ya maji ni kama kumwekea mgeni sahani juu ya paa. Yeye hula kwenye jiwe. Anainamisha kichwa, anabandika mdomo, anakwangua ule utando wa mwani unaofanya mawe ya mtoni yateleze, kisha anasogea kidogo na kukwangua tena, kutwa nzima kukiwa na mwanga. Anaacha alama kwenye jiwe, mistari mifupi safi, kama mtu aliyekomba sufuria ya uji kwa kidole.

Tukaweka mawe kutoka mtoni. Walikula. Baada ya siku mbili mawe yalikuwa meupe, na ndipo mimi, Baba Wawira, nilipopata wazo ambalo nililisifu mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Huku kwetu ng'ombe hatoki kwenda malishoni. Anakaa zizini, na wewe ndiye unayekata majani ya napier na kumletea. Kwa nini samaki wasifanyiwe hivyo? Nikapanga mawe kwenye mfereji wa juu unaopigwa na jua. Kila asubuhi nachukua yaliyoota utando, naingiza tangini, naondoa yaliyokwanguliwa, nayarudisha juani. Zero-grazing ya mawe. Mwalimu alikuja kutazama, akaniambia nimepata alama tisini. Nilienda nyumbani kula nikiwa na kifua mbele.

Mvua ya Aprili ilinyesha wiki chache ikakata. Kijito kiliamka, kikalala tena. Lakini jua lilikuwepo, mawe yaliota, samaki walikuwa wazima. Walikufa watatu tu, na watatu ni kawaida mnapohamisha samaki wa mtoni.

Kisha ikaingia gathano. Mnaijua baridi yetu ya Juni mpaka Agosti, lakini ile ilizidi. Mlima hatukuuona mwezi mzima. Ukungu ulikaa juu ya mashamba ya kahawa kutoka asubuhi hadi jioni, na watu walikwenda kanisani wakiwa na makoti mawili. Mama Karimi alishikwa na kifua mwanzoni mwa Julai, binti yake akamchukua akamlaza kwake Chaka, ambako ningeapa baridi ni mbaya zaidi. Kabla ya kwenda aliniambia neno moja: "Watazame." Hakusema walishe. Alisema watazame, na mimi nikasikia walishe.

Nilibaki na samaki ishirini na wanane na mawe yasiyotaka kuwa ya kijani. Badala yake yaliota kitu cha kahawia, telezi, kama ngozi inayokaa juu ya uji uliopoa. Nikakiona kuwa ni uchafu. Mjue kwamba nimelelewa na mama ambaye alisugua sufuria mpaka ukajiona ndani, kisha nikaoa mwanamke wa aina hiyo hiyo. Nikachukua brashi ya katani na jivu, na kila asubuhi katika ukungu nikakaa kwenye kreti nikisugua mawe, moja baada ya jingine, kisha kuta za tangi, mpaka vyote vikang'aa. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Mawe yalipokuwa safi, nikafanya jambo ambalo mkulima yeyote wa kwetu angefanya. Napier isipoota unafanya nini? Unaweka samadi. Nikayalaza mawe kwenye beseni pana zenye maji yaliyotulia, nikakoroga samadi ya ng'ombe wangu, nikafunika kwa karatasi ya plastiki ya kitalu cha miche ili kuwe na joto. Baada ya majuma mawili nikafunua. Wapendwa, kijani kile! Nywele ndefu za mwani zikipepea ndani ya maji, nene, za kupendeza, urefu wa kidole. Nilimwita Mwalimu, akavaa miwani.

"Hii ni napier kabisa," akasema.

"Mimi na mbolea tunaelewana, Mwalimu."

Samaki walizikata zile nywele. Niliwaona kwa macho yangu. Na kwa nyuma yao zilining'inia nyuzi za kijani, ushahidi kwamba chakula kinapita. Binti wa Mama Karimi aliponipigia simu kutoka Chaka kuulizia, nilimwambia amwambie mama asiwe na wasiwasi, wanakula kama ndama.

Walikuwa wakifa. Mmoja Jumatatu, wawili Alhamisi. Nilisema ni baridi. Kila aliyekufa nilimzika chini ya mgomba na kuongeza samadi kidogo. Nikiwakumbuka sasa, naona kwamba vichwa vyao vilikuwa vimekuwa vikubwa. Kichwa cha samaki hakikui kwa mwezi mmoja. Ni mwili uliokuwa ukipungua nyuma yake, na mimi nilikuwa nikitazama mawe.

Mama Karimi alirudi katikati ya Agosti, amevaa kofia ya sufu ya mjukuu wake. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja tangi la saba, akasimama. Akahesabu kwa midomo bila sauti. Ishirini.

"Wanakula vizuri," nikasema. "Tazama kijani hicho."

"Nimeona kijani."

"Ni baridi tu, Mama Karimi."

"Baridi hii wamekaa nayo tangu babu ya babu yao." Akainama, akamtoa mmoja aliyekuwa akielea upande, bado anatikisa shavu mara moja moja, kisha akaacha. Akakaa kwenye kreti yangu. "Lete kisu. Na jembe."

Kisu nilikielewa. Jembe nilidhani ni la kunipiga.

Akamfungua yule samaki, akautoa utumbo wake, akaanza kuulaza juu ya mpini wa jembe. Samaki wa urefu wa kiganja! Utumbo ulianzia kwenye chuma, ukafika mwisho wa mpini, ukageuka ukarudi njia nzima. Mwembamba kama uzi wa kufumia.

"Unaona? Huyu ni kama ng'ombe. Anayekula vitu vya majani anahitaji njia ndefu ya kusagia." Akaupasua utumbo kwa ncha ya kisu, mwanzo, katikati, mwisho. Kila mahali palikuwa na nyuzi za kijani. Akazisafisha kwa maji, akanipa kiganjani. Zilikuwa nzima. Zilizoingia mwanzo na zilizofika mwisho zilikuwa sawa, kana kwamba samaki alikuwa mpira wa kupitishia maji.

"Huyu amekufa njaa," akasema, "akiwa ameshiba."

 Nimewahi kutukanwa na watu wengi kazini na kusahau, lakini hilo alilisema polepole, kwa huruma, na sikujua huruma hiyo ni ya samaki au ni yangu.

"Nilidhani kijani ndicho chakula," nikasema hatimaye.

"Hata mimi ningedhani." Akakifuta kisu kwenye nyasi. "Sote tumefuga ng'ombe. Macho yetu yamefundishwa na ng'ombe. Hebu leo tusifanye kitu. Tuwatazame."

Ile ndiyo siku niliyofanya kazi kuliko zote katika maisha yangu, na sikuinua hata ndoo. Tulikaa kwenye kreti mbili, mimi na kioo, yeye na kofia ya mjukuu. Ukungu ulitunyeshea. Wakati wa chakula cha mchana moshi wangu ulipanda, ukapungua, sikuondoka. Nyina wa Wawira akamtuma jirani kuuliza kama nimekufa. Samaki waligusa zile nywele za kijani kama mtoto anavyogusa mboga asiyoipenda. Halafu, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wakienda kwenye kona ambapo maji hutoka, nyuma ya bomba. Wanapanga foleni pale. Anainama mmoja, anatoka, anaingia mwingine.

"Kuna nini hapo nyuma?" Mama Karimi akauliza.

Nikaingiza kioo. Ile saruji ya nyuma ya bomba ilikuwa ya kahawia, na juu yake mistari mifupi safi, mamia, imepandana. Walikuwa wamekwangua kila sehemu, na kila ilipoota tena wakakwangua tena. Sehemu yenyewe haikuzidi ukubwa wa sahani. Samaki kumi na tisa walikuwa wakiishi kwa sahani moja.

"Hapo mbona hujasugua?"

"Brashi haifiki."

Alinitazama mimi, akaitazama brashi. "Baba Wawira," akasema, "Mungu alikufupishia brashi." Kisha akacheka mpaka kifua kikamrudia, nikamshika mgongo, na mimi pia nilikuwa nacheka, ingawa machozi yangu yalikuwa ya namna nyingine.

Kile cha kahawia ndicho kilikuwa chakula. Nilikuwa nimekisugua kila asubuhi kwa jivu, mwezi na nusu. Ni mwani pia, lakini wa chembe ndogo ndogo zisizoonekana, na tofauti na napier haupendi samadi wala joto wala maji yaliyolala. Unapenda baridi, maji yanayopita, na mwanga kidogo tu wa ukungu. Gathano ilikuwa imetuandalia meza, na mimi nikawa napangusa meza kabla wageni hawajala.

Kwa hiyo kazi ilifanywa hivi, na ninaandika taratibu ili mtu aweze kuifuata siku moja. Yachukue mawe bapa ya mtoni, si ya kuchonga, yale ya kuchonga yanawakata midomo. Yapange safu nne kwenye mfereji wa juu ambapo maji ni membamba na yanakimbia, yakifunika jiwe kwa upana wa vidole viwili. Usiweke mbolea. Usifunike. Safu ya kwanza ikifikisha siku kama kumi, jaribu kwa kidole gumba: ukihisi grisi na kidole kikatoka na rangi ya chai, jiwe limeiva. Ukivuta kitu kikafuata kama uzi, lirudishe ulisugue, hilo limeharibika. Libebe likiwa ndani ya maji, kwenye beseni, kwa kuwa likikauka hata kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu wataligomea. Lipeleke asubuhi. Na mlishaji asiseme wamekula mpaka ameona alama.

Mwisho wa Agosti walikufa wengine wawili. Wakabaki kumi na saba, na baada ya hapo hakufa mwingine. Katikati ya Septemba migongo ilianza kujaa. Nilikuwa nikiamka nawaza migongo ya samaki, na Nyina wa Wawira akaniambia kama ningemtazama mgongo wake kwa makini hivyo, angekuwa mtu mwenye furaha.

Mvua ya mwere ilianza mapema Oktoba, na kambare walikuwa tayari, wamesongamana tangi la sita wakiumana mikia. Mwalimu akaja amevaa buti.

"Tangi langu."

"Siku kumi," Mama Karimi akasema.

"Tulisema mvua ikianza."

"Mwalimu, kijito kimelala kavu miezi. Mawe yake hayana kitu. Utamhamishia mtu nyumba ambayo jikoni hakuna hata unga?"

Mwalimu akakuna kidevu. "Kwanza nione kama wanaweza kwenda. Nitawapa mtihani." Na mtu yule, nawaapia, alifungua bomba la kuingiza maji mpaka mwisho, tangi likawa mto. Samaki wote waligeuka mara moja, vichwa kwenye mkondo. Tulisimama tukihesabu. Kumi na watano walikaa palepale, mikia ikichapa. Wawili walishindwa, wakasukumwa mpaka ukutani.

"Hao wawili wameanguka," Mwalimu akasema. "Hao ni wa sufuria."

"Hakuna anayeanguka hapa," Mama Karimi akamjibu, akafunga bomba kwa mkono wake. "Siku kumi, halafu watarudia karatasi. Kwani shuleni kwako ulikuwa unapika wanaoanguka?"

Mwalimu alijaribu kukasirika, ikamshinda. Akaenda kuwatazama kambare wake wakiumana. Wale wawili tuliwatenga pembeni kwa wavu na kuwapa mawe bora kuliko wenzao, na siku ya tisa walisimama kwenye mkondo kama wengine. Kila asubuhi Mama Karimi alishuka kijitoni, akavua kiatu kimoja na kukanyaga jiwe ndani ya maji. Akirudi bila kuteleza, anatikisa kichwa. Siku ya kumi na moja alirudi na sketi imelowa upande mzima na tope kwenye kiwiko.

"Leo," akasema.

Mtaniuliza kama walizaana baadaye. Mto hauandiki daftari, na mimi siwezi kuwaandikia nisichokiona. Nitawaambia nilichokiona.

Tulishuka watatu. Mwalimu alisema anakuja kuhakikisha tangi limeachwa, lakini ndiye aliyebeba ndoo nzito, mwavuli kwa mkono wa pili. Mvua ilikuwa nyembamba. Maji yalifika magotini, ya rangi ya chai ya maziwa kando, safi katikati. Mama Karimi alifunga sketi, akaingia mpaka chini ya ule mwamba, akainamisha ndoo ya kwanza polepole hadi maji ya ndani na ya nje yakawa kitu kimoja. Kisha ya pili.

Nilitarajia wapige mbio. Hawakwenda popote. Walitulia nyuma ya miguu yake, mahali mkondo ulipokatika, weusi, kumi na saba. Yule wa mbele akasogea kwenye jiwe. Akalizunguka. Akainamisha kichwa, na mwili ukalala upande kidogo, ukameta. Mwingine akamfuata. Ghafla wote walikuwa wameinama.

Mwalimu alingoja, akahamisha uzito kutoka buti moja hadi nyingine. "Si waende sasa?" akauliza kwa sauti ya chini. "Tunalowa."

"Wewe Mwalimu," Mama Karimi akasema bila kugeuka, "mama yako alikuwa anakuondoa mezani?"

 Mwalimu akafunga mwavuli wake, sijui kwa nini, labda aliona kelele za matone juu yake zinawasumbua. Tukasimama hapo kwenye mvua, watu wazima watatu, tukingoja samaki wamalize kula.